Njia ya Mlima Kisogo

Kila alasiri, jua likishahama kwenye kioo cha kompyuta, Swichibodi alisogeza kiti chake karibu na dirisha la ghorofa ya sita, akaegemeza mkongojo ukutani, akafunika kikombe cha chai kwa kisahani, akateremsha kikapu kwa kamba. Chini uani mdogo wake, Kitana, alikuwa ameshaketi kwenye kigoda akikisubiri. Siku moja kikapu kilikuwa na nusu mkate na kifungo cha gauni kilichohitaji kutafutiwa mwenzake. Kitana alivitoa, akaweka mche wa sabuni, akaivuta kamba mara mbili, na kikapu kikapanda. Kisha dada hao wawili waliingia ndani, mmoja juu na mmoja chini, wakavaa hedifoni na kwenda mlimani.

Huo ulikuwa mwaka wa nne tangu lifti isimame. Mlangoni pake palibandikwa karatasi iliyosema kwamba kuna hitilafu, kifaa kimeagizwa, samahani kwa usumbufu. Swichibodi alikuwa amepandishwa nayo akitoka hospitali na nyonga iliyoungwa kwa vyuma, na wiki hiyohiyo ikagoma, kwa hiyo safari yake ya mwisho ndiyo iliyomkwamisha juu. Wanaume wanne wa jengo waliwahi kumteremsha kwa blanketi kwenda kliniki. Walimlaza ghorofa ya tatu wapumzike, mmoja akapokea simu, wengine wakaanza kubishana habari za mpira, na yeye akabaki sakafuni akitazama viatu vya wapita njia. Aliporudishwa juu aliapa kwamba habebwi tena kama kabati.

Kitana naye alikaa chini kabisa, mlango wa kwanza kushoto, na alikuwa na pumu na mwili wa kutosha. Alijaribu ngazi mara moja. Alifika ghorofa ya pili, akakaa hapo mpaka jioni akitafuta pumzi. Basi wakawa wanaonana kwa mmoja kutazama juu na mwingine kutazama chini, na shingo ya Kitana ikapata maradhi yake yenyewe.

Binti wa Swichibodi, aliyefanya kazi mbali, ndiye aliyewatumia kompyuta mbili na gemu lile. Alidhani wangelicheza wiki moja na kulifunika kwa kitambaa. Lilikuwa gemu la nchi kubwa isiyo na mwisho, yenye misitu, magofu na maelfu ya wachezaji wasiojuana, kila mmoja akiwa amevaa mwili aliouchagua mwenyewe. Swichibodi alichagua mpiga mishale mwembamba mwenye miguu mirefu. Kitana alichagua shujaa mwenye ndevu za kufika mkandani na shoka. Alisema maisha yake yote amesuka vichwa vya watu, na sasa anataka kuvikata.

Nyuma ya nchi hiyo palikuwa na mlima ambao wao waliuita Kisogo, kwa sababu ulibinuka kama kisogo cha mtu mkaidi na vinjia vyake vilipinda kama mistari iliyosukwa na mwanafunzi. Ng'ambo ya mlima kulikuwa na ziwa. Ramani ililionyesha ziwa hilo kwa mshale wa dhahabu, na mshale ulipita katikati ya mwamba, maana mshale haujui mlima. Ukiufuata uligonga ukuta wa jawe. Ukizunguka ulikuta mawe yanayofanana na ngazi ambayo mguu haukuyakubali, kingo nyembamba kuliko zinavyoonekana, na upepo ambao ulivuma pale tu mtu alipokuwa ameshaamua kuruka. Vijana wenye silaha za thamani walianguka hapo wakalia kwenye hedifoni kama watoto. Lakini aliyefika kwenye ukingo wa juu, akageuka na kuona nchi yote aliyotoka imelala chini yake, mito na mioshi na kijia alichokilaani asubuhi, alinyamaza. Wote walinyamaza hapo, hata watukanaji.

Swichibodi aliujua mlima huo kuliko sebule yake. Alikuwa amefanya kazi kwenye swichibodi ya hoteli kubwa mpaka alipostaafu, na aliwapandisha watu Kisogo kama alivyokuwa akiunganisha simu: kwa sauti moja, bila haraka, bila kusema kwamba hajui. Pale asipojua alisema, "Subiri kwenye laini." Wageni wa mbali walimwita kwa jina lake la gemu na kumwomba awapandishe, na hakuna aliyewaza kwamba kiongozi wao hawezi kufika mlangoni kwake bila mkongojo. Tangu ajifunze njia hakuwahi kuanguka. Jambo hilo alijivunia sana, na hakuficha.

Siku ya kifungo ndiyo siku Kitana alipoanguka kwa mara ya kwanza kutoka juu kabisa. Walikuwa kwenye ukingo wa mwisho, mpiga mishale mbele, shujaa nyuma. Swichibodi alikuwa na tabia ya kumgeukia mdogo wake kila baada ya hatua chache, tabia iliyoanza zamani walipokuwa wakienda shule na Kitana akichelewa kwa kuokota mawe. Akamgeukia sasa, wakawa uso kwa uso. "Shika kushoto," alimwambia. Kitana akashika kushoto. Ndevu zake zilionekana kwa muda mrefu zikipepea kuelekea chini.

Katika gemu lile anayekufa hugeuka kivuli cha rangi ya majivu, na kivuli hutembea kwa miguu kurudi ulipo mwili wake. Mwili haumsubiri milele. Humsubiri kiasi cha chai kupoa, kisha gemu humrudisha mwanzo wa nchi bila shoka wala viatu. Kitana alilijua hilo, hivyo alikitafuta kivuli chake kwenye kioo, asikione. Kilikuwa kimesimama kando ya kiti. Alikuwa yeye mwenyewe, na gauni lake la nyumbani, rangi ya majivu kuanzia kichwani hadi kwenye ndala. Mwili wake ulikuwa kitini, hedifoni masikioni, ukihema vizuri. Kwa kuwa alikuwa ameanguka kutoka juu, aliona busara apande. Akatoka, akashika ngazi, na kifua hakikumbana hata kidogo. Marehemu hana pumu.

Swichibodi alisikia hodi, akamfungulia.

"Karibu. Umepandaje?"

"Nimekufa," alisema Kitana. "Si umesema kushoto?"

"Kushoto kwangu."

"Ningejuaje? Mimi msusi, dada. Nasimama nyuma ya mtu. Kushoto ni kushoto kwa kichwa kilicho mbele yangu, sijazoea vichwa vinavyonigeukia."

"Basi yaishe. Kaa."

Kitana hakukaa. Alikuwa anakitazama kichwa cha dada yake. Kwa miaka minne alikuwa amekiona kwa mbali tu, na kwa mbali kila kichwa kina nafuu.

"Nani kakusuka hivi?"

"Mwenyewe."

"Umejisuka au umejikomoa?"

Akamgeuzia kiti, akamfumua, akachana, akaanza mstari wa kwanza upande wa kushoto. Vidole vyake vilikuwa baridi kama bomba la asubuhi, lakini vilikuwa vilevile, vyenye haraka na visivyo na huruma kwenye kipaji cha uso. Swichibodi alifumba macho. Alikuwa amesahau kwamba kichwa chake kinaweza kushikwa na mtu. Machozi yakamtoka, na Kitana akamwambia anyooshe shingo. Chai ilipokaribia kupoa mistari miwili ilikuwa imekamilika, na Kitana akaondoka kwa mbio kwenda kuuwahi mwili.

Kuanzia siku hiyo walipanda Kisogo ili Kitana aanguke. Swichibodi alimfikisha mpaka ukingoni kwa uangalifu uleule, jiwe kwa jiwe, kisha akatazama pembeni mwenzake akiruka. Hakulipenda jambo hilo. Mtu aliyeunganisha laini maisha yake yote hapendi kuikata kwa mkono wake. Lakini baada ya muda mfupi mlango uligongwa, na mistari ikaongezeka miwili, mara nyingine mitatu ikiwa chai ilikuwa ya moto sana. Walikuwa wakizungumza mambo ambayo hayapandi kwenye kikapu wala hayasemeki kwenye hedifoni: mume wa Kitana alivyoondoka, mama yao alivyokuwa akinuka mafuta ya nazi, nani kati yao alikivunja kile chungu.

"Kila siku unakufa kwa ajili yangu," Swichibodi alisema siku moja.

"Kufa kufaana, dada. Inamisha kichwa."

Siku moja Kitana alichelewa kuruka. Alikuwa amesimama ukingoni, na mawingu yaliyokuwa yakifunika ng'ambo yalikuwa yamefunguka. Aliliona ziwa, jeupe na kimya, na ndege wa rangi asizowahi kuziona wakitua. "Dada, kumbe lipo," alisema. Swichibodi alisema lipo. Walikaa pale, mpiga mishale na mwenye ndevu, na kwa muda huo hakuna aliyekuwa na nyonga wala pumu. Kisha Kitana akasema kwamba kichwa hakijisuki, akaruka.

Msimamizi wa jengo alikutana na Kitana kwenye ngazi, ghorofa ya nne. Alikuwa kijana mstaarabu mwenye fungu la funguo, na hakuwahi kumpita mtu mzima bila salamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Pole na ngazi."

"Ngazi hazina neno, mwanangu. Nimekufa."

"Pole sana," alisema msimamizi. Akajibana ukutani ili apite, akamtazama anavyopanda bila kushika chuma cha pembeni. "Lakini hongera, unapanda vizuri."

Mwisho wa wiki karatasi ya mlango wa lifti ilibadilishwa. Mpya ilikuwa ndani ya plastiki, na ilisema kwamba lifti imepumzishwa, na kwamba wenye jengo wanawashukuru wapangaji wote kwa kutumia ngazi.

Upande wa kushoto wa kichwa ulikuwa umekamilika na upande wa kulia haujaguswa pale wenye gemu walipoutengeneza mlima. Wachezaji walikuwa wamelalamika. Walisema Kisogo kinaua watu ovyo, kwamba kingo hazionekani, kwamba si haki. Wenye gemu walisikiliza, wakaomba radhi, na asubuhi moja mlima ukaamka ukiwa na ngazi za mawe, madaraja ya mbao na uzio kila ukingo. Iliwachukua siku chache. Swichibodi alisoma tangazo lao la kuomba radhi mara mbili, kisha akasema kwa sauti, peke yake chumbani, kwamba angekuwa na akili angehamia huko.

Walijaribu. Kitana aliuparamia uzio kwa ndevu na shoka, na kila mara kitu kisichoonekana kilimrudisha njiani kwa upole. Aliyetaka kufa Kisogo sasa angehitaji kibali. Swichibodi alifunga kitambaa kichwani, maana nusu iliyosukwa na nusu iliyotimka ilimfanya afanane na watu wawili waliogombana.

"Basi twende ziwani," alisema Kitana. "Tumeshajengewa."

Walienda. Ziwa lilikuwa zuri kama lilivyoonekana kutoka juu, na maji yake yaliguna kidogo ufukweni. Walikuwa wa kwanza kulifikia kati ya watu wanaowajua. Katika gemu lile huwezi kumshika mwenzako. Unaweza kumpungia mkono, kumwinamia au kucheza ngoma. Wakapungiana, wakainamiana, wakacheza mpaka mwenye ndevu akachoka. Ilikuwa furaha ya kweli, wala sitaki mtu aidharau. Ila Kitana aliposimama alisema, "Nimekuona vizuri sana, dada, na sijakuona." Swichibodi alimwambia asubiri kwenye laini.

Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na bonde ambalo halijatengenezwa, kwa kuwa wanaofika ni wachache na wachache hawalalamiki vya kusikika. Ramani ililionyesha kwa rangi ya kijivu tu. Hapo Swichibodi hakujua kitu. Zaidi ya hayo fisi walizunguka, na mwili usio na mlinzi ulikuwa unaliwa kabla chai haijaanza kupoa. Kwa hiyo wasingeweza kuanguka wote wawili. Ilibidi mmoja asimame juu ya maiti ya mwenzake na silaha mkononi.

Kitana ndiye aliyetangulia. Alisema miamba ile inasomeka, ina mistari kama ngozi ya kichwa, ukifuata mahali palipogawanyika hupotei. Aliongoza vizuri, akiruka kwa uzito wake wa shujaa, na Swichibodi kwa mara ya kwanza akafuata sauti badala ya kuitoa. Alikuwa na hofu na alipenda kuwa na hofu. Wakafika kwenye genge, mahali mwamba ulipokatika ghafla. Kitana, ambaye hakuwa na tabia ya kugeuka, siku hiyo akageuka kumtazama dada yake anavyokuja.

"Shika kulia," alisema.

Swichibodi akashika kulia.

Alisimama kando ya kiti chake, rangi ya majivu. Aliuona mwili wake kwa nyuma, na mabega yaliyolegea kuliko alivyofikiri, na kitambaa kichwani. Mkongojo ulikuwa ukutani. Akapiga hatua, akapiga nyingine, na nyonga haikusema kitu. Akaufungua mlango.

Alishuka taratibu, si kwa sababu ya mguu bali kwa sababu alitaka kuona. Ghorofa ya tano walikuwa wamepaka rangi ya buluu. Ghorofa ya tatu aliitambua sakafu yake vizuri, akaikanyaga. Chini kabisa mlango wa lifti ulikuwa wazi, umezuiwa na ndoo. Ndani msimamizi alikuwa amepanga mafagio, makopo ya rangi, tairi la baiskeli na kiti cha plastiki cha kupumzikia, na kwenye kiti palikuwa na gazeti na kikombe. Vitufe vya ghorofa vilikuwa ukutani, vimefutwa vumbi. Swichibodi alibonyeza cha sita, kwa adabu tu. Akaendelea.

Chumbani kwake Kitana alikuwa amempa mgongo, uso kwenye kioo, akiita, "Dada? Dada, uko wapi? Haloo?"

"Niko nyuma yako."

Kitana hakugeuka mara moja. Aliweka kipanya chini, akahakikisha shujaa wake ameshateremka na kusimama juu ya maiti ya mpiga mishale na shoka limeinuliwa. Ndipo akageuka, akamvuta mkono. Mikono yake ilikuwa ya moto, ilikuwa hai. Akakitoa kigoda, akaketi juu ya kitanda, akamweka dada yake katikati ya magoti yake kama walivyokuwa wakikaa zamani, ingawa zamani aliyekuwa chini alikuwa mdogo. Akamvua kitambaa cha rangi ya majivu, akaanza upande wa kulia.

"Chai yako ilikuwa ya moto?"

"Niliiacha inachemka," alisema Swichibodi. "Mimi si mjinga."

Aliporudi kitini na kujipapasa, upande wa kulia ulikuwa umetimka kama kawaida. Kilichosukwa kwenye kivuli kilibaki kwenye kivuli. Siku ya pili Kitana alisema kwamba sasa ni zamu yake kufa, apande akamalize kichwa chenyewe. Swichibodi alisema kesho. Kesho yake akasema tena kesho. Alitaka kuiona mvua ikigonga sementi ya uani, alitaka kununua kiberiti kwa mkono wake, alitaka kukaa mlangoni kwa mdogo wake na kuwasema wapita njia. Kitana alielewa, akaacha kuuliza.

Msimamizi alipanda kumwona, akihema kidogo.

"Mama, nimekuona chini. Nimefurahi sana. Kumbe unashuka."

"Nilikuwa nimekufa, mwanangu."

"Naelewa. Lakini ulishuka." Alikuwa anatabasamu kwa moyo mweupe. "Nimewaambia wenye jengo. Ulikuwa umebaki wewe tu, ndiyo tulikuwa tunahofu. Wamesema basi, kile kifaa wasisumbuke nacho."

Swichibodi alimshukuru kwa kupanda. Akarudi kitini, akasogeza mkongojo, akavaa hedifoni. Mdogo wake alikuwa ameshafika kwenye genge, na fisi walikuwa wamekaa mbali wakingoja.

Upande wa kulia wa kivuli ulimalizika baada ya siku chache. Kitana aliufunga mstari wa mwisho, akampaka mafuta, akamshikia kioo, na wakakaa nje mlangoni mpaka chai ilipokaribia kupoa. Watu wa uani walipita wakamwambia amependeza, na kweli alikuwa amependeza, kila mstari umenyooka kutoka kipaji hadi kisogo. Msimamizi naye alimsifu, akiwa amekaa kwenye kiti chake ndani ya lifti. Juu, karibu na dirisha, kichwa cha aliyeketi kitini kilikuwa bado kimesukwa nusu tu chini ya kitambaa, na kikapu kilining'inia kwenye kamba yake.